Wastani na Misukosuko Yake

Kila mwaka, mwezi wa Juni, mawaziri wa fedha wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki wanaposimama bungeni kusoma makadirio ya mapato na matumizi, ipo hesabu moja ambayo masikio ya watu huingoja kuliko nyingine zote, nayo ni ile isemayo kwamba pato la taifa limekua kwa asilimia kadha wa kadha. Magazeti huichapa kwa herufi kubwa, wabunge huibishania, na mtu wa kawaida, ambaye hana mizani ya kuipimia, huilinganisha na ya mwaka uliopita kisha akafurahi au akasononeka. Hesabu hiyo ina haki yake, wala si muradi wa makala haya kuidharau. Lakini wataalamu wa takwimu, ambao kwa zaidi ya miaka mia moja wamezichungua bei, mapato, makampuni na mataifa, wamegundua kwamba kukua kwa mali kuna tabia nyingine iliyo muhimu sawasawa na kima chenyewe, nayo ni namna kunavyotawanyika huku na huku: mara juu, mara chini, leo kwa kiasi kidogo, kesho ghafula kwa kishindo. Tabia hiyo ina kanuni zake. Aghalabu kanuni hizo hufungiwa katika lugha ya hisabati, lakini kila mwenye shamba, duka, mshahara au akiba anastahili kuzijua.

Wa kwanza kuitia tabia hii katika mizani ya hisabati alikuwa Mfaransa, Louis Bachelier, ambaye mwaka 1900 alipeleka mbele ya wahadhiri wa Paris, miongoni mwao mwanahisabati mashuhuri Henri Poincaré, tasnifu juu ya bei za hati za deni la serikali ya Ufaransa kama zilivyokuwa zikiuzwa na kununuliwa sokoni. Hoja yake ilikuwa ya ujasiri kwa zama zile. Alisema kwamba, kwa kuwa kila anayenunua yupo anayemwuzia, na kila mmoja wao ana rai yake, soko kwa jumla haliwezi kuwa na tumaini la kupanda wala la kushuka, na kwa hiyo badiliko litakalofuata ni la nasibu, lisiloweza kubashiriwa kwa kutazama la jana. Tena kwamba mabadiliko hayo yakilimbikizwa siku baada ya siku, mtawanyiko wake haukui sawa na muda bali sawa na kipeuo cha pili cha muda, hata bei ikiachwa siku nne itatangatanga mbali mara mbili tu, si mara nne, kuliko ikiachwa siku moja. Tasnifu hiyo ilikaa takriban nusu karne bila kutiliwa maanani na wachumi, kisha ikafufuliwa, na juu yake yakajengwa maarifa mengi ya fedha ya zama hizi.

Ndani ya jengo hilo, hata hivyo, mlikuwa na ufa. Bachelier aliyachukua mabadiliko ya bei kuwa yanafuata umbo ambalo wataalamu huliita la kengele, linalonasibishwa na Mjerumani Carl Friedrich Gauss, na ambalo huonekana katika mambo mengi ya maumbile. Ukipima vimo vya watu wazima wa mji, utakuta wengi wamekusanyika karibu na wastani, na kadiri uendavyo mbali nao, juu au chini, ndivyo watu wanavyopungua, tena kwa haraka kubwa mno. Kipimo cha mtawanyiko huo huitwa mkengeuko sanifu. Watu 68 katika 100 hupatikana ndani ya mkengeuko mmoja kutoka wastani, 95 ndani ya miwili, na 997 katika 1,000 ndani ya mitatu. Ama wa kuvuka mikengeuko mitano, huyo ni mmoja katika watu milioni moja na laki saba hivi. Hajapata kuonekana mtu mwenye kimo mara mbili ya wastani wa wenziwe. Laiti bei na mapato yangekuwa na adabu hii, mambo ya uchumi yangekuwa mepesi, kwa sababu siku zilizo nyingi zingetosha kumfundisha mtu juu ya zile zilizo chache.

Pamba ndiyo iliyoivunja dhana hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Benoit Mandelbrot, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924, akahamia Ufaransa angali mtoto, na wakati huo akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alialikwa kutoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na alipoingia ofisini mwa mwenyeji wake, mchumi Hendrik Houthakker, akaona ubaoni mchoro uliofanana ajabu na ule aliokuja nao yeye mwenyewe, uliohusu mapato ya watu. Mchoro wa Houthakker ulikuwa wa bei za pamba. Pamba ilikuwa na fadhila moja kubwa kwa mtaalamu, ya kwamba bei zake zilikuwa zimeandikwa kwa utaratibu kwa miongo mingi; lakini Houthakker alikuwa amezikatia tamaa, maana kila alipotaka kupata mkengeuko sanifu wa bei hizo, kipimo kilikataa kutulia, kikabadilika kila alipotia hesabuni kipande kingine cha miaka.

Mandelbrot alizichukua bei zile akazifanyia kazi, na mwaka 1963 akatangaza alilolipata. Siku za mabadiliko madogo sana zilikuwa nyingi kuliko kengele inavyoruhusu, na siku za mabadiliko makubwa mno zilikuwa nyingi kuliko inavyoruhusu vilevile. Zilizopungua ni zile za katikati. Fauka ya hayo, umbo la mabadiliko ya siku moja lilifanana na la mabadiliko ya mwezi mzima, kana kwamba soko halijui tofauti baina ya muda mfupi na mrefu. Umbo hili wataalamu wameliita lenye mkia mnene, kwa kuwa ncha zake mbili, badala ya kukonda upesi na kutoweka, huendelea mbali zikiwa bado na kitu ndani yake. Mkulima wa pamba wa Usukumani, ambaye zao lake hufuata bei iliyopangwa na soko la dunia, hahitaji mchoro kuamini jambo hili. Yeye huijua miaka mingi ya bei za kufanana, na mwaka mmoja unaoyapindua maisha yote.

Masoko ya hisa yaliuthibitisha mkia huo kwa gharama kubwa. Tarehe 19 Oktoba 1987, katika siku moja ya kazi, kipimo cha bei za hisa za New York kiitwacho Dow Jones kilianguka kwa asilimia 22.6, hali badiliko la kawaida la siku lilikuwa kama asilimia moja. Kwa kanuni ya kengele, hata badiliko la mikengeuko mitano tu lingetazamiwa mara moja katika miaka 7,000 hivi ya soko. Ama hili la mikengeuko ishirini na zaidi, umri wote wa ulimwengu usingetosha kulingoja. Lakini lilitokea, tena mchana kweupe, na wenye mali waliokuwa wamejikinga kwa mahesabu ya kengele wakakuta kinga zao hazikuwakinga. Baadaye watafiti waliokuwa na mamilioni ya bei za hisa mikononi mwao waliweza kuupima mkia wenyewe, wakaona kwamba unafuata kanuni ya namba tatu: badiliko likiwa kubwa mara mbili, uhaba wake huwa mara nane, na likiwa kubwa mara kumi, uhaba wake huwa mara elfu. Mara nane ni kitu kidogo sana. Katika kengele, kutoka mikengeuko mitano kwenda kumi, uhaba huongezeka kwa namba ambayo ulimi hauna jina lake, na baina ya kanuni hizi mbili ndipo benki nyingi, na mifuko mingi ya akiba za wazee, ilipopotelea.

Mandelbrot aliona jambo la pili, ambalo yeye alilitaja kwa maneno machache lakini likaja kuwa elimu nzima. Misukosuko huandamana. Baada ya siku ya badiliko kubwa hufuata aghalabu nyingine ya badiliko kubwa, ingawa haijulikani kama ni la juu au la chini, na baada ya siku tulivu hufuata tulivu. Nahodha wa jahazi hawezi kukuambia wimbi la kesho litakuwa la kimo gani, lakini anajua vizuri kwamba msimu wa kusi una bahari yake na msimu wa matlai una yake, wala hapakii shehena sawa katika misimu hiyo miwili. Mwaka 1982 Mmarekani Robert Engle, aliyekuwa akichunguza mfumuko wa bei wa Uingereza, alitoa njia ya kuyakadiria mabadiliko yenyewe ya msukosuko, yaani kuukadiria leo ukubwa wa mtawanyiko wa kesho kwa kupima makosa ya makadirio ya siku zilizopita; na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Maana ya ugunduzi wake ni kwamba upande wa safari ya bei umefichika, lakini kiasi cha hatari hakikufichika kabisa. Kinaweza kupimwa, na aliyepewa dhamana ya mali za watu hana udhuru wa kutokipima.

Tukiuliza kwa nini mambo huwa hivi, mazao ya biashara yanatupa jawabu lililo wazi kuliko hisa, na zao lililotuathiri zaidi katika nchi zetu ni kahawa. Mwezi wa Julai mwaka 1975 jalidi kali ilishuka katika jimbo la Paraná, kusini mwa Brazili, ikaua mibuni kwa mamia ya mamilioni katika nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kahawa. Bei, ambayo kabla ya hapo ilikuwa chini ya dola moja kwa ratili, ilipanda hata kufikia mwaka 1977 ikapita dola 3. Kenya ilifaidi sana, na vijiji vya wakulima wa Kilimanjaro na Kagera viliiona faida hiyo pia. Na kwa kuwa Uganda wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Idi Amin, ambapo mkulima alilipwa kidogo na kwa shida, kahawa yake nyingi ilivushwa kwa magendo kwenda Kenya, na mahali padogo mpakani paitwapo Chepkube pakapata umaarufu ambao hapakuwa nao kabla wala baada.

Kwa nini jalidi ya usiku mmoja ilete kishindo cha miaka miwili? Angus Deaton na Guy Laroque, katika uchunguzi walioutoa mwaka 1992 juu ya bei za mazao, waliieleza sababu ambayo kila mwenye ghala ataikubali. Maadamu ghala zina shehena, upungufu wa mavuno hufidiwa na akiba, na bei hutikisika kidogo tu. Lakini akiba ikiisha, haiwezekani kukopa kahawa ya mwaka ujao iliyo bado mtini, na hapo bei haina cha kuizuia. Ndiyo maana bei za mazao hulala muda mrefu kisha zikaruka ghafula. Ongeza juu ya hayo kwamba mbuni uliopandwa leo hauzai sawasawa mpaka ipite miaka mitatu au zaidi, na kwamba wakulima wa dunia nzima huvutwa na bei ileile nzuri kupanda wakati mmoja, basi utaona kwamba kilele cha 1977 kilibeba tumboni mwake mteremko uliofuata. Na ulipovunjika mwezi wa Julai 1989 utaratibu wa mgao uliokuwa ukiilinda bei chini ya mapatano ya kimataifa ya kahawa, bei ilianguka kwa muda mfupi, mkulima akabaki na mibuni ileile, jembe lilelile na nusu ya mapato.

Kutoka kwa bei twende kwa makampuni, ambako kanuni zimekuwa za ajabu zaidi. Mfaransa mwingine, Robert Gibrat, alieleza mwaka 1931 kwamba kampuni kubwa na ndogo zina bahati sawa ya kukua kwa asilimia fulani, kwa kuwa kila mwaka nasibu huzidisha ukubwa uliopo, haijumlishi juu yake. Na kwa njia hii alieleza kwa nini makampuni machache huwa makubwa mno na mengi hubaki madogo. Mwaka 1996 kundi la wanafizikia na wachumi waliokuwa pamoja na Eugene Stanley wa Chuo Kikuu cha Boston walizichunguza kampuni za viwanda za Marekani za takriban miaka ishirini, wakaona kwamba Gibrat alikosa katika jambo moja. Mtawanyiko wa ukuaji haukuwa sawa: kampuni kubwa zilitikisika kidogo kuliko ndogo. Tena umbo la mtawanyiko huo, likichorwa kwa kipimo cha logarithimu, halikuwa kengele bali hema, lenye kilele kilichochongoka na mbavu mbili zilizonyooka, ishara ya mkia mnene. Miaka miwili baadaye wataalamu wa kundi hilohilo walizichukua hesabu za pato la nchi 152, kuanzia 1950 hadi 1992, wakakuta hema lilelile na kanuni ileile.

Kanuni hiyo inastahili kuelezwa kwa mfano. Tuseme nchi moja ni kubwa mara 64 kuliko nyingine, na tuseme nchi kubwa ni mkusanyo wa vipande 64 vilivyo sawa na ile ndogo, kila kimoja kikienda njia yake bila kumjali jirani. Basi bahati na nuksi zingefidiana, na mtikisiko wa nchi kubwa ungekuwa sehemu ya nane ya ule wa ndogo, kwa kuwa nane ni kipeuo cha pili cha 64. Hesabu halisi hazikuonyesha hivyo. Zilionyesha kitu kilicho karibu na kipeuo cha sita, yaani mtikisiko hupungua karibu kwa nusu tu. Ukubwa, kwa hiyo, hukinga, lakini hukinga kwa uchache kuliko tulivyodhani, na sababu ni kwamba vipande vya nchi havitembei kila kimoja peke yake: vimefungwa pamoja kwa benki zilezile, barabara zilezile, mafuta yaleyale, na hofu ileile inayoenea kutoka duka hata duka.

Iko sababu nyingine, ambayo Xavier Gabaix aliidhihirisha mwaka 2011. Palipo na makampuni machache makubwa mno, nasibu ya kampuni moja haimezwi na wingi wa nyingine, bali huwa nasibu ya taifa. Kwa hesabu yake, mambo yaliyozihusu zenyewe kampuni mia moja kubwa za Marekani yalieleza kama theluthi moja ya mabadiliko ya ukuaji wa nchi ile pana. Sisi tuna ushahidi wetu wa zamani. Unguja na Pemba zilikuwa zikitoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu za dunia, na hazina ya serikali ikazitegemea. Tufani ya Aprili 1872 ilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, kilichoangushwa hakikuwa mashamba tu bali nguzo ya dola, na kama Pemba nayo ingepigwa vilevile, ni vigumu kuwaza ni nini kingebaki. Baada ya karne nzima, hatari ilikuja tena kwa mlango mwingine: Indonesia, mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake mwenyewe hata ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka bila ya upepo wowote kuvuma.

Huenda msomaji akauliza kuna madhara gani katika kupanda na kushuka, ikiwa wastani mwishoni ni mzuri. Madhara yapo, na la kwanza ni la hesabu tupu. Mali ya shilingi 100 ikipanda kwa asilimia 30 kisha ikashuka kwa asilimia 30, wastani wa mabadiliko ni sifuri, lakini mkononi zimebaki shilingi 91. Rwanda mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilipoteza takriban nusu ya pato lake, na mwaka uliofuata ikakua kwa asilimia kama 35. Atakayesoma hesabu ya 1995 peke yake ataiona ni miongoni mwa ukuaji mkubwa kabisa duniani, na huku nchi ilikuwa na kama theluthi mbili tu za ilichokuwa nacho, bila ya kutaja roho ambazo hakuna hesabu izirudishayo. Aliyeshuka kwa nusu hahitaji kupanda kwa nusu ili arudi alipokuwa. Yampasa kupanda mara mbili. Na la pili ni kwamba msukosuko huwafanya watu waogope kujenga, kusomesha na kupanda. Garey Ramey na Valerie Ramey, walioilinganisha miendo ya nchi 92 mwaka 1995, waliona kwamba nchi zenye mtikisiko mkubwa ndizo zenye kukua polepole zaidi.

Ofisi za takwimu za nchi zetu zinazo hesabu za ukuaji za miongo mingi, na kuzipata hakuhitaji utafiti mpya wala mkopo. Naziomba zichapishe, kando ya ile asilimia moja inayosomwa bungeni, mambo matatu: mtawanyiko wake kwa miaka ishirini iliyopita, mwaka ulio mbaya kuliko yote katika muda huo, na sehemu ya mapato ya nchi inayotoka katika bidhaa tatu za kwanza. Wahariri wazichape pamoja, katika ukurasa uleule na kwa herufi zilezile. Nawe msomaji, utakapoambiwa kwamba chama chako cha ushirika, mfuko wako wa akiba au nchi yako imekua kwa wastani fulani, usiridhike mpaka uulize ni mwaka upi ulikuwa mbaya kupita yote, na ni nani aliyeilipa hasara yake.